Tewa na Winchi Isiyo na Meli

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepungua. Sikukonda, nilipungua kwa kipimo, moja kwa mia saba, na nguo zangu zikapungua pamoja nami, jambo ambalo nalishukuru mpaka sasa. Nilikuwa nimesimama juu ya meza yangu ya kazi, na mbele yangu chupa ya gundi ilikuwa ndefu kuliko mnara wa simu.

"Bwana Mbelwa, umechelewa," chupa ikaniambia. "Watu wanatabiri."

Hapo sina budi kueleza kidogo, maana si kila mtu amepata bahati ya kucheza na meli za plastiki. Mimi ni mpiga picha za pasipoti hapa Tanga. Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha studio yangu, tunakutana watu watatu: mimi, Rukia wa duka la dawa, na Mzee Semkiwa, fundi umeme mstaafu. Tunaunganisha manowari za plastiki, zilizopunguzwa moja kwa mia saba, ndogo za kulala kiganjani. Lakini kuunganisha ni nusu tu ya raha. Nusu nyingine ni kutabiri kiwanda kitatoa meli gani baada ya hii. Kiwanda chenyewe kiko mbali na hakitujui. Kila msimu kinatoa picha ya kivuli tu cha meli inayokuja, kisha kinakaa kimya, nasi tunabishana mpaka chai inapoa.

Kila mmoja anataja meli moja, basi. Na sheria ni moja, nimeitunga mwenyewe: tabiri unachokiamini, usitabiri unachokitamani. Kwa sheria hiyo sijawahi kushindwa, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mzee Semkiwa hushindwa kila msimu, kwa sababu kila msimu anataja Tewa. Tewa kilikuwa kimeli cha kusafisha mabomu ya baharini, na baba yake alikuwa mchochea makaa ndani yake wakati wa vita vikuu vya pili. Hakikuzamisha mtu, hakikupigwa picha za maana, hakikuingia kwenye vitabu. Rukia humtania, "Babu, hiyo Tewa hata samaki wameshaisahau," naye Mzee hucheka mpaka anakohoa.

Jumamosi iliyopita hakucheka. Macho yake yameingia ukungu, na daktari amemwambia kama ana kazi anayotaka kuifanya kwa macho yake, aifanye sasa. Akatuambia msimu huu ataitaja manowari kubwa ya mizinga tisa, kama sisi wengine. "Nimechoka kuingoja," akasema, akainama kutafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.  Utabiri wetu wa msimu unafungwa leo adhuhuri.

Hayo ndiyo niliyolala nayo. Sasa turudi mezani.

"Nani wanatabiri?" nikaiuliza chupa.

"Wote. Na uvae viatu, hapa pana rangi mbichi."

Navaa viatu. Natazama mbele, meza imekuwa uwanja wa mpira, na katikati ya uwanja amekaa kivuli cha meli bila meli. Amekaa kitako kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mimi ndiye kivuli cha meli inayokuja," anasema. "Nimetangulia. Mwenyewe bado hajaamuliwa."

"Kivuli hutoka kwenye kitu," nikamsahihisha. "Kitu kwanza, kivuli baadaye."

"Kwenu. Kwetu kivuli kwanza, kitu hufuata watu wakishakubaliana. Nina mabomba mawili ya moshi, lakini moja naweza kulikunja."

Akalikunja. Lilikunjika vizuri, bila kelele. Nikaona huyu ni kivuli anayeelewa mambo, nikamwambia kwa adabu kwamba kwa maoni yangu yeye ni manowari kubwa ya mizinga tisa. Pale pale akaanza kunenepa. Akanenepa mpaka akagusa magoli yote mawili.

"Usiseme kwa nguvu," akanong'ona. "Kila anayetabiri ananivuta kwake. Toka asubuhi nimevutwa na watu elfu, mbavu zinauma."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa bado namwomba nikasikia mtu anakohoa nyuma ya mguu wangu. Ilikuwa winchi.

Naifahamu winchi hiyo. Kwenye boksi la mwisho tulilonunua, la tagi ya bandarini, ile mashua ya kuvuta meli, kulikuwa na kiwinchi kidogo, kitambo cha kuzungushia waya, ambacho hakimo kwenye maelekezo. Watabiri wa meli hutafuta vipande vya namna hiyo kuliko dhahabu, kwa sababu kiwanda hakitupi plastiki bure: kipande kisicho na kazi leo kina kazi kwenye meli ya kesho. Rukia alisema ni cha tagi kubwa zaidi. Mimi nilisema ni kosa la kiwanda, nikakiweka chini ya taa na kukisahau.

"Ulisema mimi ni kosa," winchi ikasema.

"Nilisema huenda."

"Ulisema kosa, halafu ukanipigia chafya."

Hilo la chafya lilikuwa kweli.  Winchi ikaniambia nisimame vizuri nifuatane nayo, na tusipoteze muda, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukainama, tukapita chini ya kisahani cha chai, tukatokea kiwandani.

Kiwanda ni jiko. Mama mmoja mnene, jasho linamtiririka, anamimina plastiki ya kijivu kwenye kikaango cha vitumbua. Mashimo ya kikaango si ya mviringo, yana umbo la meli. Anageuza manowari kwa kijiti, anazitoa, anazipanga kwenye ungo zipoe. Ananiambia anaitwa Mama Kalibu na kwamba nisiguse kitu.

"Unachaguaje ya kupika?" nikamuuliza. Nimelisubiri jibu la swali hilo miaka mingi, na sikukusudia kuliacha hivi hivi.

"Sichagui. Inayotajwa naipika. Ambayo haitajwi na mtu hata mmoja duniani, naiyeyusha pamoja na kalibu lake la kuundia, natengeneza vitana."

"Vitana vya nini?"

"Vya kuchania nywele, mwanangu. Vya nini tena?"

Pembeni, kwenye mkeka, zimekaa meli zinazosubiri. Kubwa zimejinyoosha mbele, mizinga inang'aa, zinapunga upepo kwa bendera zao. Nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji machafu, nikaona kimeli kimoja kimejikunyata, moshi wake mwembamba kama wa sigara ya mtu anayejificha. Kimeandikwa ubavuni: Tewa.

Mlango mdogo ubavuni mwake ukafunguka, akatoka mtu mweusi kwa masizi, amebeba beleshi. Kimo chake na changu kilikuwa kimoja, moja kwa mia saba.

"Naitwa Singano Semkiwa," akasema. "Mchochea makaa. Wewe ndiye mpiga picha?"

"Ndiye. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Samahani kwa hali ya meli, hatukutegemea mgeni. Pita kushoto. Kulia usipite, wanalala kuku."

"Kuku kwenye manowari?"

"Nahodha alipenda mayai. Ndiyo maana waya wa kukamatia mabomu tuliushusha kushoto siku zote. Amri ilisema pande zote mbili. Lakini amri haikuwahi kuamka na kuku." Akaegemea beleshi lake. "Mwanangu bado anaona?"

Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikamwambia anaona, ila kwa ukungu, na ukungu unaongezeka.

"Basi fanyeni upesi," akasema. "Mimi nilimsimulia meli hii usiku na usiku, kitandani, ila sikuwa na hata picha moja ya kumwonyesha. Ameijenga kichwani peke yake. Nataka aishike."

 

Mama Kalibu akapiga kikaango kwa kijiti. "Inayofuata. Tewa. Ilikuwa na sauti moja tu dunia nzima, ya mzee mmoja wa Tanga, na yeye amesema ameiacha. Lete nikatengeneze vitana."

"Subiri," nikasema.

"Una neno?"

Nilikuwa nalo, liko ulimini kabisa, lakini halikutoka. Nikatazama chini nikaona kwa nini. Sheria yangu ilikuwa imekuja. Ni mtu mfupi, amevaa viatu vyangu vya Ijumaa, na ameushika ulimi wangu kwa kibano, kile kibano changu kizuri cha kushikia nanga.

"Unaamini au unatamani?" ikaniuliza.

"Natahmani," nikasema, kadiri kibano kilivyoniruhusu.

"Basi hutaji. Sheria ni sheria, na wewe ndiye uliyeitunga."

Sijawahi kuichukia sheria nzuri namna ile. Mama Kalibu ameshainyanyua Tewa kwa mkia. Makaa yanamwagika, kuku wanalalamika kwa sauti ya chini, na Singano Semkiwa ananitazama tu, hanisihi, kama mtu aliyezoea kusubiri nyuma ya mkeka.

Winchi ikanigusa mguu. "Kuuliza si ujinga," ikasema. "Mbona huniulizi kwangu ni wapi?"

Haikusubiri niulize. Ikapanda mkeka, ikapita katikati ya manowari kubwa bila kuziamkia, ikaruka ikadaka mkia wa Tewa pale juu. Kwenye sitaha ya nyuma kulikuwa na tundu dogo la mraba. Winchi ikakaa ndani ya tundu. Haikuhitaji gundi wala kupigwa msasa. Ikakaa kama jino kwenye ufizi.

Mama Kalibu akashusha kijiti. Hata Sheria ilikodoa macho.

"Kiwanda hakitupi plastiki bure," nikasema polepole. "Kipande cha ziada ni cha meli ijayo. Nimeshaona chake. Kwa hiyo naamini."

"Na hutamani?" Sheria ikauliza.

"Natamani pia. Sheria haikusema vitu hivyo viwili haviwezi kulala nyumba moja."

Sheria ikafikiri. Ikafungua kibano, ikakifuta kwa shati lake, ikanirudishia. Viatu haikunirudishia.

"Tewa," nikasema.

Nililitamka kwa sauti ya kawaida, ile ninayotumia kumwambia mteja ainue kidevu. Kule uwanjani nilimsikia kivuli akishusha pumzi; alikuwa anapungua, anakunja tena bomba lake la pili, anapumzisha mbavu. Mama Kalibu akaguna, akaichovya Tewa kikaangoni kwenye upande wa kupikia badala ya upande wa kuyeyushia, akachota plastiki mbichi. Ghafla jiko limejaa maji, na Tewa inaelea, na Singano Semkiwa anashusha waya upande wa kushoto, taratibu, huku anaongea na mtu nisiyemwona, anamwambia angalia, ndivyo unavyoshushwa. Kuku mmoja akaruka juu ya kichwa changu. Unyoya ukaniingia puani.

Nikapiga chafya nikaamka.

Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Nililala kidogo nikijiambia kwamba ni wali wa jana, kisha nikaenda kwenye meza. Winchi ilikuwa chini ya taa, pale pale nilipoiacha. Kigurudumu chake, plastiki tupu, nilikijua kilivyo laini, kwa kuwa nilishakitazama kwa lenzi kabla ya kukidharau. Sasa kilikuwa kimezungushiwa waya, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Nikaugusa. Ulikuwa umelowa. Nikaonja kidole, nikakuta chumvi.

Nikampigia simu Mzee Semkiwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka kukuuliza habari za Tewa. Upande wa kulia, nyuma, kulikuwa na nini?"

 Nilimsikia akikaa kitandani, chaga zikalia.

"Kuku," akasema mwishowe. "Kuku wa nahodha. Baba aliniambia nikiwa mdogo. Sijawahi kumwambia mtu, Mbelwa, hata marehemu mke wangu. Niliogopa atasema baba alikuwa mwongo. Wewe nani amekwambia?"

"Nitakueleza Jumamosi, ni habari ndefu. Sasa hivi taja meli yako, nami nitaje yangu. Mimi nataja Tewa."

"Usinihurumie, bwana."

"Sikuhurumii. Lini umeniona nataja meli nisiyoiamini? Nina ushahidi hapa mezani."

 Akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa ambacho sikukisikia Jumamosi.

"Rukia atatucheka," akasema.

"Na acheke. Wewe tafuta miwani yako, usafishe na ile taa kubwa. Tewa ikitoka, hii kazi utaifanya wewe, mimi nitakushikia fremu ya vipande tu."

Nilipokata simu, jua lilikuwa limefika mezani. Nikachukua lenzi kubwa nitazame ule waya mara ya mwisho kabla ya kufungua studio. Kwenye ncha yake, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu cheupe kilichonasa. Kwa macho matupu ungesema ni vumbi. Kwenye lenzi kilikuwa na uti katikati na nyuzi pande zote mbili, na kilikuwa kinatikisika kwa pumzi yangu.

Pua ikaanza kuniwasha. Nikaibana kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili, polepole, nikaifunika winchi kwa kikombe cha chai.