Koili ya Mkono wa Kushoto

Mteja akiniletea kazi iliyopitia kwa fundi mwingine, kwanza naikosoa. Ndiyo tabia yangu, na mke wangu Charifa alishachoka kunisema. Kwa hiyo Djaffar alipoleta gitaa lake la umeme dukani kwangu mtaa wa Tanambao, mjini Mahajanga, mwaka themanini na nne, maneno nilikuwa nayo mdomoni kabla sijalegeza skrubu ya kwanza.

Djaffar alikuwa mpiga gitaa wa hoteli huko Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, na alikuja Mahajanga kupiga kwenye harusi ya binamu yake. Tulizungumza Kimalagasi, maana Kingazidja chake, lugha yetu Wakomori, kilikuwa cha kusalimia wazee tu. Gitaa lile lilikuwa na koili mbili chini ya nyuzi, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na hizo ndizo zinazopeleka sauti kwenye spika. Ya nyuma ilikuwa imekufa.

"Na hata ilipokuwa nzima, fundi, nikiziwasha zote mbili sauti inakuwa nyembamba, kama redio ya jirani," alisema. "Katika nyimbo nyingine naipenda hivyo hivyo. Lakini harusini nataka sauti nene."

"Nani aliyekuharibia?"

"Hajaharibu. Ni fundi mmoja kule kwetu. Hiyo ya mbele kaizungusha mwenyewe, kwa waya wa transfoma."

Nikaichomoa koili ya mbele, nikabandua utepe. Waya ulikuwa umezungushwa kuelekea kushoto. Ulilala sawasawa, hakuna mahali ulipopandana, na mwisho wake ulifungwa mafundo mawili madogo yenye tone la nta. Nikaiweka mezani, nikakaa. Nilimjua mtu mmoja tu anayemaliza waya namna ile.

"Anaitwaje huyo?"

"Msa. Mrefu, anatengeneza redio na mashine za boti. Unamjua?"

Nikamwambia arudi kesho kutwa.

Msa ni mdogo wangu, tumbo moja. Alizaliwa mtu wa kushoto. Baba alikuwa akimfunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula, na baba alipofariki nikaendelea mimi, kwa ulimi. Dukani nilimruhusu kulehemu kwa mkono wa kulia tu. Akilehemu kwa kulia kazi inatoka mbovu, namsema. Nikienda msikitini anabadilisha mkono, kazi inatoka safi, namsema zaidi. Siku moja, mwaka sabini na sita, alizungusha koili ya kipaza sauti cha chama chetu cha harusi. Nilipoona imeelekea kushoto nikaikatakata kwa koleo mbele ya wateja. Nikasema mkono wa kuchambia haufanyi kazi katika duka langu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Akafuta vidole, akaenda zake, asirudi tena.

Wiki tatu baadaye, Desemba ile, Wakomori tukauawa mjini na nyumba zetu zikachomwa. Waliopona walipakiwa kwenye ndege na meli kwenda Moroni, visiwani kwetu. Mimi nilifichwa na wakwe zangu, ambao ni Wasakalava, wenyeji wa hapa, ndiyo maana nipo. Niliandika barua Moroni miaka saba, na hakuna aliyewahi kumwona Msa. Kila Ijumaa nilimwombea dua bila kujua niombe ya aliye hai au ya maiti. Hilo lilinitesa kuliko yote.

Kumbe yuko Nosy Be. Mzima wa afya, na boti za mizigo zinakwenda huko kila wiki. Sitaki kudanganya, kwanza ilinipanda hasira. Mtu mzima na akili zake anashindwa hata kutuma salamu? Halafu nikakumbuka koleo.

"Mwandikie," Charifa akaniambia.

"Niandike nini?"

"Andika nisamehe. Ni neno moja, Baba Echata, halitakuvunja mkono."

Nikakaa na karatasi jioni nzima. Nikaandika jina lake na tarehe, basi. Nina kichwa kigumu na nakijua.

Asubuhi nikaizungusha upya ile koili ya nyuma iliyokufa, kuelekea kulia, kama nilivyozoea. Sasa gitaa likawa na koili moja ya kwake na moja ya kwangu, zimezungushwa kinyume. Koili za namna hiyo ukiziwasha pamoja, hii inasukuma wakati ile inavuta, sauti inaliwa. Dawa yake ni kugeuza nyaya mbili za koili moja tu, zikasukuma pamoja. Mimi nikaweka swichi ya miguu sita. Ukiipandisha, koili ya Msa inafanya kazi kama alivyoizungusha, na sauti ni nyembamba. Ukiishusha, nyaya zake zinageuzwa na sauti inajaa. Waya wake sikuukata hata kidogo, na utepe nilirudisha ule ule.

"Huyo fundi wako mwonyeshe," nikamwambia Djaffar. "Mwambie ni kazi ya Tadjiddine wa Tanambao. Mwambie koili yake ni nzuri."

Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida, kama jino.

Miezi mitatu ikapita. Nikajitia sina habari. Charifa alinitazama kila nilipochungulia barabarani. Halafu Djaffar akarudi na gitaa lake.

"Alilifungua, akatazama muda mrefu," alisema. "Akauliza kama moshi wa risasi ya kulehemu bado unakukohoza. Halafu akawasha chuma cha kulehemu. Nikamwambia asiguse, linafanya kazi. Hakunisikiliza. Na aliponirudishia, fundi, sauti ni ile ile! Juu nyembamba, chini nene. Sijui alichokifanya. Kasema nikuletee utazame ndani."

Nikafungua. Swichi yangu ilikuwa palepale. Lakini nyaya za koili yake alikuwa amezing'oa kwenye swichi, akaziunga moja kwa moja, za kudumu. Kwenye swichi ameunga za koili yangu. Sasa ukitaka sauti nene, ya kwake haiguswi. Inayogeuzwa ni yangu. Kwa masikio hakuna tofauti yoyote, na asiyefungua kifuniko hawezi kujua.

"Ameandika nini?" Charifa akauliza.

Nikamwonyesha, nikamweleza waya kwa waya. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Umepewa vidonge vyako," akasema.

Nikacheka na mimi. Kisha nikalia, mbele ya mteja, mtu mzima na mvi zangu, wala sikuona aibu.

Wiki hiyo hiyo nikapanda boti ya mizigo. Msa alikuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya hoteli, na redio mpaka uvunguni. Alikuwa amekonda, ndevu zimeanza kuwa na mvi. Akanisalimia kama mdogo anavyomsalimia mkubwa wake, nikaitikia. Hotuba niliyoiandaa tangu Mahajanga haikutoka.

Akaleta wali na samaki wa nazi kwenye sinia moja. Tukanawa. Akanitazama usoni, kisha akautia mkono wa kushoto katikati ya wali, akauacha pale, akasubiri.

Kiganja changu kiliwasha. Kilitaka kuupiga ule mkono, kama zamani. Nikakishusha kwenye samaki, nikamega nyama ya mgongoni, nikaisogeza upande wake wa kushoto.

"Nisamehe, Msa," nikasema.

Akaichukua ile nyama kwa mkono ule ule, akala. Na mimi nikala naye, sinia moja, mpaka wali ukaisha.