Kipa Ambaye Hakumwona Korongo

Kipa wa akiba ana kazi moja tu duniani: kumpasha mwenzake moto, kisha aende benchi apoe yeye. Kazi hiyo nimeifanya katika klabu yetu ya kando ya Mto Tundzha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Makipa wa kigeni wamekuja na wameondoka. Tumepata Mreno, Mslovakia, hata Mbrazili mmoja aliyelia theluji ilipoanguka, na wote niliwapigia mashuti ya mazoezi. Kwa hiyo mtu asinifundishe kipa mzima anafananaje.

Vakhtang Lomidze alikuwa kipa mzima. Alitoka Georgia, sisi tukamfupisha, tukamwita Vakho. Alikuwa mrefu, mkimya, na viganja vyake vilikuwa kama sepetu. Kabla ya kila kona alirudi nyuma bila kugeuka, akagusa mlingoti wa kushoto, akagusa wa kulia, akajua lango lake liko wapi. Makipa wengi hufanya hivyo. Nilimpenda, japokuwa alikalia nafasi yangu, na nalisema hili mapema kwa sababu mtasikia watu wakisema vingine.

Mwezi wa pili, goti la mshambuliaji lilimpata juu ya jicho la kushoto. Alilala, akainuka, akamfukuza daktari wa timu kwa mkono, akagusa milingoti yake, na tukashinda. Mji mzima uliimba jina lake. Mimi sikuimba, maana niliuona ule mkono wa kushoto ukipapasa hewani kabla ya kuupata mlingoti.

Baada ya hapo yakaja mambo madogo madogo. Bibi Stoyanka, mpishi wetu, alimwekea bakuli la supu ya maharage upande wa kushoto, naye Vakho akakaa akiisubiri supu. Milangoni, bega lilelile lilikwaruza fremu. Mazoezini, mpira kutoka kulia aliudaka kama anayechuma tufaha, lakini wa kutoka kushoto aliushtukia umeshafika. Bado aliupangua, kwa ujuzi tu na kwa masikio. Nikaenda kwa kocha Stamenov.

"Kocha, jicho la kushoto la Vakho halioni vizuri."

Stamenov alikuwa anakula, akajifuta vidole kwanza. "Daktari amemsomesha herufi za ukutani. Kazisoma zote."

"Macho yote mawili yakiwa wazi. Mzibe la kulia uone."

"Zhivko, ndugu yangu, fisi akitaka kumla mwanawe husema ananuka mbuzi."

Wachezaji waliokuwa karibu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo jina langu likawa Fisi. "Fisi, umeshakula leo?" "Fisi, punguza kunusa." Niliwatukana, lakini moyoni niliumia. Hali ya kipa inajulikana na kipa mwenzake, na huyo mwenzake ndiye asiyeaminika, kwa kuwa anaitaka namba. Ningekuwa mfua jezi wangenisikiliza.

Ikaja siku ya kwanza ya Machi. Siku hiyo kwetu kila mtu hufungwa martenitsa mkononi, uzi mwekundu uliosokotwa na mweupe, na hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza amerudi kutoka kusini. Ukimwona, unauvua na kuufunga kwenye mti unaochanua. Bibi Stoyanka alitufunga sote kwa zamu, na alipofika kwa Vakho akamvuta chini kwa shati ili wasikilizane.

"Mwanangu, wewe ni mgeni, nisikilize. Usiuvue kabla hujamwona kwa macho yako mwenyewe. Utajiitia balaa."

"Sivui, bibi," Vakho akasema. Na alikuwa mtu wa kushika neno la mzee.

Korongo wetu wana kiota juu ya mnara wa taa za uwanja, pale kwenye kibendera cha kona upande wa mashariki. Kipa akisimama goli la mashariki, mnara uko kushoto kwake. Asubuhi moja tukiwa mazoezini, dume likaja. Lilishuka chini chini, likapita juu ya goli, likapanda kiotani na kuanza kugonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga mbao. Timu nzima iliacha mpira. Watu wazima wenye wake na watoto walikimbilia nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye mplamu uliokuwa umetoa maua, huku wakifungua nyuzi kwa meno.

Vakho alibaki golini peke yake. "Wanakimbilia wapi?"

"Korongo amefika," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

Alitazama mbinguni, akatazama paa la jukwaa. Ule mdomo ulikuwa unagonga juu yake, naye aliutafuta kila mahali isipokuwa ulipokuwa. Alipogeuza shingo yote, ndege alikuwa ameshalala ndani ya kiota, haonekani.

"Mnanitania," akasema, akicheka.

"Vakho, amepita mbele ya uso wako. Mabawa yake yanaenea meza nzima."

Kicheko kilimkauka. Akavua glavu moja, akaivaa tena.

"Unaona nini upande huo?" nikamuuliza.

"Kama pazia. Mwanzo lilikuwa pembeni kabisa. Linasogea."

"Basi twende hospitali, kule mji mkuu, Sofia. Leo hii. Nitaendesha mimi."

"Jumamosi anakuja mtu wa timu ya taifa ya kwetu, Zhivko. Miaka yote hii nadaka ugenini, hakuna aliyewahi kuja kunitazama. Acha Jumamosi ipite, tutakwenda."

"Goti jingine likikupata hapo, hutakuwa na jicho la kupeleka."

"Jumamosi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. Nikamwambia basi angalau auvue huo uzi, watu wasimuulize maswali. Akatikisa kichwa. "Sijamwona. Siwezi kuvua kwa kusikia tu."

Nilirudi kwa Stamenov kwa mara nyingine, nikamweleza habari ya korongo, naye akamwita daktari aje asikie. "Sasa Fisi amekuwa mpiga ramli," akamwambia, na wakacheka wote wawili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mtu wa Georgia alikaa katikati ya jukwaa, koti la kijivu, mikono magotini. Wageni wetu walikuwa wanafundishwa na Spasov, kipa wa zamani, mzee mwenye vidole vilivyopinda kila upande. Tukiwa tunaingia uwanjani, aliuona ule uzi mwekundu juu ya glavu ya Vakho, akatabasamu.

"Kijana, wewe bado tu? Mbona korongo yuko juu ya kichwa chako?"

Akamnyooshea mkono amsalimie. Ila alikuwa amesimama kushoto. Vakho alipita, hakugeuka, na mkono wa mzee ukabaki hewani.

Mtu mwingine angekasirika. Spasov aliutazama mkono wake, akautazama mgongo wa Vakho, kisha akanitazama mimi. Nilijua kwamba amejua, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa golini.

Kipindi cha kwanza Vakho alidaka vizuri kupita kiasi. Bahati ilikuwa yake, mipira ikaja katikati na kulia, na mtu wa koti la kijivu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukaenda mapumziko tukiwa sare, bao moja kwa moja. Nikiwa natoka, nilimwona Spasov amemshika bega winga wake mwenye mbio, anamwonyesha upande.

"Wameshajua," nikamwambia Stamenov chumbani. "Kila mpira utakuja kushoto. Niingize mimi."

"Kaa chini, Fisi," akasema mbele ya wote.

Nikachuchumaa mbele ya Vakho. "Ndugu yangu, shika paja, sema msuli umevutika. Mtu wenu ameshaona alichokuja kuona. Toka sasa, utoke ukiwa unatembea."

Aliniwekea kiganja shingoni. "Imebaki nusu tu, kaka."

Kipindi cha pili alikuwa goli la mashariki, chini ya korongo. Spasov hakuona haya. Krosi, pasi, mashuti, vyote kutoka kushoto. Vakho alidaka kwa kusikia mguu ukipiga, kwa kukisia, kwa kumwomba Mungu wake. Kila aliporuka, mimi nilifumba macho. Nilivua traksuti, nikasimama kwenye mstari nikiwa na glavu mikononi, nikimkodolea kocha macho. Ilikuwa imebaki nafasi moja ya kubadilisha mchezaji. Stamenov alitaka bao, akamwingiza mshambuliaji. Nikakaa. Tangu dakika hiyo hata angeniamini isingesaidia kitu.

Ikaja kona, kushoto. Vakho akagusa mlingoti mmoja, akagusa wa pili. Mpira ulipopigwa alitoka kwa nguvu zote, akaufikia kwa ngumi, na beki wao, aliyekuwa ameruka kwa haki kabisa, akampiga kichwa juu ya jicho la kulia. Nilisikia mfupa. Mpira ulitoka nje. Kona tena.

Uwanja ukalipuka kwa jina lake. Mtu wa koti la kijivu alikuwa amesimama, anapiga makofi. Vakho aliinuka kwa magoti, kisha kwa miguu, akapunga mkono kumfukuza daktari. Daktari alikuwa upande mwingine kabisa.

Akaanza kurudi golini. Mlingoti wa kushoto aliupata kwa kiwiko. Akanyoosha mkono kuutafuta wa kulia, akatembea huku mkono umenyooka mbele yake, akapita nje ya mlingoti bila kuugusa, akaendelea. Watu wa jukwaani walidhani anawachezea wageni. Wakacheka, wakaimba zaidi.

Nilivuka mstari nikakimbia. "Fisi! Fisi!" wakazomea nyuma yangu, na mwamuzi akawa anakuja akitafuta kadi mfukoni. Nilimkuta Vakho karibu na bango la matangazo. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi. Nikamshika mkono wenye uzi, naye akanipapasa kifua, akanipapasa uso.

"Zhivko?"

"Ni mimi."

Juu yetu korongo alianza kugonga mdomo. Vakho aliinua kichwa kidogo, akasikiliza, kisha akakaza kamba ya glavu yake.

"Usimwambie mwamuzi," akaninong'oneza. "Nipeleke tu golini, halafu uniambie kona inatoka upande gani."