Jasho la Chupa

Mkosi wa kwanza wa wale watu wa Nairobi ulikuwa baridi. Walikuja Timau, chini ya Mlima Kenya, mwezi wa saba, mwaka wa tisini na sita, kupiga tangazo la sabuni ya kuondoa harufu ya mwili, na wakataka mwanamke wa shamba anayetiririka jasho. Mwezi wa saba, Timau! Celina Kiende alikuwa amechimba viazi, waru kama wanavyoviita huko, tangu saa moja asubuhi na makwapa yake yalikuwa makavu kama unga. Ikabidi msichana mmoja aje na chupa ya kunyunyizia maji, akamlowesha paji la uso, shingo, na blauzi chini ya mikono mpaka ikamganda mwilini. Celina alitetemeka. Wenzake walicheka wakashika mbavu.

Aliwaachia wacheke. Kusema kweli, kichwa kilikuwa kimemvimba. Kikundi chao kilikuwa na wanawake kumi na wawili, leo wanavuna kwa huyu, kesho kwa yule, na kati ya wote dairekta alimchagua yeye. Kijana huyo, Njoka, mtu wa Embu mwenye kofia aliyoigeuza nyuma, alimwambia nchi nzima itamwona kwenye televisheni. Celina alimuwaza binti yake Kanana, aliyekuwa kidato cha pili shule ya bweni, akiwaambia wenzake: yule ni mama yangu.

"Ni rahisi, mama," Njoka alisema. "Wewe unachimba waru. Bwana yako anatoka ofisi, anakuja kukukumbatia, anasikia hiyo harufu, anaziba pua. Wewe unaona aibu, unainamisha kichwa. Ni hivyo tu."

Huyo bwana alikuwa mwigizaji aitwaye Mukiri, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi. Alikuja katikati ya matuta akichagua pa kukanyaga, akafungua mikono, akanusa, akaziba pua. Celina, kwa kuwa ameambiwa, akainamisha kichwa.

"Kata! Safi kabisa!" Njoka alimwita aone alivyotoka, kwenye televisheni ndogo waliyoifunika kwa koti. "Hapa sasa sauti ya mwanaume itasema: Dada, usimpe sababu ya kukukimbia."

Celina alitazama. Akaona mwanamke aliyelowa, kichwa chini kama aliyeiba, mbele ya mwanamume aliyebana pua kwa vidole viwili. Moyo ukamshuka. Akaona na bweni la kina Kanana, wasichana wote wamegeuka: kumbe mama yako ndiye yule anayenuka!

Kisha akaona hasira. Kunuka kwani ananuka nini? Mume wake wa kweli, Salesio, alikuwa pale pale anajaza magunia, ananuka udongo sawasawa na yeye. Huyo akitaka kuziba pua, ataziba ya nani? Jioni wataoga kwa zamu, maji ya sufuria moja, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemkimbia mwenzake.

"Njoka," alisema, "hiyo ifute."

"Aki mama, hiyo ndio tangazo yenyewe! Na ulikubali."

"Nilikubali kuonekana. Sikukubali kunuka. Futa."

"Wenye sabuni ndio wameandika hivyo. Mimi nimetumwa tu." Njoka alishusha pumzi, akawageukia wale wengine. "Haya, nani atasimama mahali pa huyu mama? Wewe?"

Aliyeonyeshwa kidole alikuwa Beth, jirani yake Celina, mwanamke asiyemumunya maneno. Alikuwa anaviangalia viatu vya Mukiri.

"Huyu bwana amekanyaga matuta," alisema. "Sheria yetu anaijua?"

Wanawake wakaguna kwa furaha. Sheria yenyewe ilikuwa moja: siku ya kuvuna, anayekanyaga shamba achimbe tuta moja mpaka mwisho. Pasta alichimba. Chifu alichimba, na tumbo lake lote. Beth akamkabidhi Mukiri jembe la meno. "Maliza kwanza. Mambo ya pua tutaongea baadaye."

Mukiri alicheka, akavua koti, akaanza kwa mbwembwe. Kufika katikati ya tuta mbwembwe zilikuwa zimekwisha. Alihema, akateleza, akatoboa viazi vitatu na kutukanwa kwa kila kimoja. Alipofika mwisho shati lilikuwa limemshika mgongoni, na jasho lile halikutoka kwenye chupa.

Alisimama akijifuta kwa tai. Celina akamsogelea, akamnusa wazi wazi, mbele ya watu. Hakuziba pua.

"Pole na kazi," alimwambia. "Chai iko pale."

Mukiri alimtazama, halafu akamgeukia Njoka. "Boss, mimi huyu mama siwezi kumzibia pua tena. Tafuta mtu mwingine, ama ukuje uzibe yako."

Njoka aliangalia wanawake kumi na wawili na majembe yao. Akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Kanda haifutiki hivi hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Lazima turekodi kitu kingine juu yake."

"Kitu gani?"

"Chochote."

Celina alijipangusa maji usoni kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akakifunga upya, akakikaza. Fahari ilimpanda mpaka kooni, wala hakuificha. Akaenda mwanzo wa tuta, na wenzake wakajipanga kushoto na kulia kwake, kila mmoja na tuta lake.

"Basi rekodi waru," alisema.

Taa nyekundu ikawaka. Akainama, akachimba, na ile dakika ya aibu ikaanza kufutika, shina moja baada ya jingine. Hakugeuka kutazama kamera. Kamera ndiyo iliyomfuata.