Mrija Uliofutwa kwa Leso

Nimeulizwa "kifaa chenyewe kiko wapi?" mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mtu akinisalimu tu najiandaa. Mlinzi wa getini kauliza. Mhasibu kauliza. Mama mkwe wangu alipokuja Mtwara kututembelea aliuliza, nikamwonyesha kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha. Akakitazama, akanitazama mimi, kisha akamuuliza mume wangu kama huwa ninalala vizuri.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Chukua kaboni, ikunje iwe mrija mwembamba ambao hata darubini ya chuo chetu haiuoni. Ndani yake weka mrija mwingine unaoteleza, kama antena ya redio inavyoingia na kutoka. Uning'inize juu ya kijifereji, halafu uutetemeshe. Ukiuvuta ule wa ndani, mtetemo unabadilika. Chembe za gesi zikitua juu yake, mtetemo unabadilika tena, nawe unajua kuna mahali panavuja kabla pua ya mtu yeyote haijajua. Kwa miaka mingi niliifanya kazi hii kwenye kompyuta, nikipanga atomi moja moja, umeme ukikatika naanza upya, hadi maabara moja ya ng'ambo ikakubali kunitengenezea. Walitengeneza kifaa kimoja tu. Wakasema wazi: kipimwe kwenye gesi halisi, hata kikishindwa watajua pa kurekebisha, lakini kisipopimwa mwaka huu, mradi unafungwa.

Kupata pa kukipimia nilihangaika mno. Aliyenifungulia mlango ni Injinia Riziki, mwanamama wa Msimbati anayefanya kazi kwenye mtambo wa gesi Madimba, mtu wa maneno machache. Alinipa Jumatano. Baada ya hapo, alisema, hakuna nafasi tena hadi mwakani.

Mkuu wa chuo chetu, Bwana Kassimu, aliposikia Jumatano, akaamua Jumanne kuwe na uzinduzi.

"Tunazindua nini, Mkuu? Hakijapimwa."

"Mwalimu Beatrice, mgeni rasmi ameshakubali. Unajua maana ya mgeni rasmi kukubali?"

Najua. Maana yake ni maturubai, viti vya kukodi, fulana, ngoma na bango. Bango lilikuja limechorwa bomba la chuma ambalo mtu mzima angepita ndani yake amesimama. Nikalalamika. Aliyelichapisha akaniambia kwa upole kwamba picha niliyomtumia haikuwa na kitu.

Jumanne asubuhi nikaingia ofisini kwa Mkuu, ambako kifaa kilihifadhiwa kwa amri yake, eti kwa sababu kabati lake lina kufuli. Nikakuta kiboksi kiko wazi. Kipande changu kimelazwa juu ya mto mdogo mwekundu, kinameta.

"Kilikuwa na vumbi," Mkuu alisema, akirudisha leso mfukoni. "Nimekipangusa mwenyewe. Mambo ya mgeni rasmi huwezi kumwachia mtu."

Nilikichomeka kwenye mashine ya kukisomea. Ule mstari wa mtetemo uliokuwa ukipanda na kushuka kila nilipokiwasha ulikuwa umelala chini, hautikisiki. Nikakiweka chini ya darubini. Juu ya kijifereji, mahali pa mrija wangu, palikuwa na uzi wa pamba uliotoka kwenye leso, mkubwa kama gogo.

"Mkuu, umekiua."

"Nimekigusa kidogo tu."

"Mrija umekatika. Haupo."

Akainama kwenye darubini, akatazama kwa makini. "Kwani mwanzo ulikuwa unaonekana?"

"Hapana."

"Na sasa hauonekani."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi, mwalimu. Tusiwachanganye wageni."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumtwanga kwa huo mto wake mwekundu. Sikufanya hata moja, kwa sababu ngoma zilishaanza nje na mtu alikuwa anagonga mlango akiuliza kama maji ya mgeni rasmi yawe ya baridi au ya kawaida.

Mgeni rasmi alichelewa, akahutubia kuhusu korosho, bandari na vijana. Kisha akaletewa mto. Akakishika kipande kwa vidole viwili, akakiinua juu, wapiga picha wakakimbilia mbele.

"Haya, mwalimu, tuambie. Huo mrija uko wapi?"

Kipaza sauti kikaletwa mdomoni mwangu. Nilimwona Mkuu akinitolea macho, na hasira zote za asubuhi zikanipanda kwa pamoja.

"Haupo, Mheshimiwa."

Watu wakacheka.

"Nasema kweli. Ulikuwepo, ukafutwa leo asubuhi kwa leso. Hapo umeshika kipande kitupu."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mheshimiwa mwenyewe alifuta machozi, akasema wataalamu wetu wote wangekuwa wachangamfu namna hii, nchi ingekuwa mbali. Akinamama wakapiga vigelegele. Mkuu alipiga makofi kuliko wote, jasho likimtiririka. Sijawahi kusema ukweli kwa sauti kubwa vile, na sijawahi kushangiliwa vile.

Wakati wa pilau, Injinia Riziki, naye akiwa mwalikwa, alinifuata nyuma ya maturubai, sahani mkononi. Yeye hakuwa amecheka, nilimwona.

"Dada Beatrice, ule ulikuwa utani?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kesho yake ningekwenda Madimba, ningekichomeka kile kipande mbele yake, mstari ungelala, ningesingizia unyevu wa bahari. Maabara ingeandikiwa kwamba kipimo kimefanyika, na wangenitengenezea kingine. Hakuna ambaye angejua. Nilimtazama yule dada aliyeniamini kabla hata hajaona chochote, nikachoka kabisa.

"Haukuwa utani," nikasema. "Kimekufa."

Akageuza wali kwa kijiko bila kula.

"Basi kesho usije. Kuna wenzako wanaisubiri hiyo siku, siwezi kuwazuia kwa kifaa ambacho hakipo."

"Naelewa."

"Pole, dada. Pole sana."

Akaenda zake. Tangu asubuhi nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kuniamini, na nilipompata, Jumatano yangu ikaondoka naye. Nikakaa chini karibu na masufuria ya wapishi nikalia waziwazi, na kila aliyepita alinishika bega akaniambia hongera.