Picha Iliyokatika Kila Alasiri

Zubeda hakumwamini mtu. Kila alasiri mwanawe Rachid alipompigia kutoka Kanada, sauti ilifika, picha ikaanza kujichora, kisha vyote vikazima. Tangu kijana akimbie vita, mwaka mzima, mama hajaiona sura yake. Mtaa mzima wa Buyenzi ulinong'ona kwamba Rachid alikufa, anayezungumza ni mwingine. Mama wa watu angelalaje?

Kwanza alishuku wateja wa chumba chake cha intaneti, wale wanaopakua muziki na kuielemea laini. Akawatoa wote nje. Picha ikakatika vilevile. Sasa akamshuku Sébastien, fundi wa mtandao kutoka mtaa wa Carama, eti anaharibu makusudi ili aitwe tena.

"Mama Rachid, unanionea," fundi alisema. "Zungumza na mutoto. Mi naangalia laini."

Rachid akapiga. Sébastien akatazama namba za mwendo wa laini zikitiririka kwenye kompyuta nyingine bila kusita. Zubeda akasema kwa nguvu, "Fungua kamera, mwanangu." Paji la uso likatokea. Namba zikasimama.

"Laini ikielemewa, inachoka polepole, picha inagandaganda kwanza," fundi alisema. "Hii imekatwa. Kuna mutu."

Mtu gani tena, jamani? Waya ulipenya ukuta hadi karakana ya mumewe Amissi, maana modemu ilikaa kule kwenye betri za magari, umeme wa mji ukiwa wa kubahatisha. Zubeda akazunguka, akaingia bila hodi. Kikulacho ki nguoni mwako: Amissi alikuwa ameinama, waya aliouchomoa kwenye modemu mkononi.

"Baba Rachid. Ni we?"

Amissi hakukana. "Basi alilokimbia nalo Rachid lilichomwa kwenye njia ya Rumonge. Nilikudanganya kwamba alipita salama. Uso wake umeungua. Ameniomba yeye mwenyewe, usimuone: nikikusikia ukitaja kamera, nikate."

Hasira zilimpanda Zubeda, na machozi pia. Mwaka mzima anamlilia mtoto aliye hai, na baba mtu anajua, anakula, analala!

"Rudisha waya," alisema. "Na usiuguse tena."

Akarudi kwenye kompyuta. Picha ilirudi vipande vipande. Rachid alipomwona mama yake, akajifunika uso kwa kiganja.

"Toa mukono," Zubeda alisema.

"Mama, apana."

"Uso huo nimeuosha tangu siku ulipozaliwa. Toa mukono, mwanangu."