Kuku wa Chuma Gatini

Kitendawili, mjukuu wangu unayesoma. Kuku wangu wa chuma, ana mdomo na kucha, amelishwa miaka thelathini na moja, yai hajataga wala mwewe hajamfukuza. Umeshindwa? Mji usinipe, miji yenyewe ndiyo iliyomlisha. Wewe kaa, jibu hilo linaingia mlangoni kwa Mama Vibao.

Liliingia kwenye karatasi, mkononi mwa kamanda mstaafu aliyeng'arisha viatu mpaka nzi angeteleza. Manowari yake ya zamani ilikuwa imegeuzwa makumbusho, inafunguliwa kesho, na gatini palitakiwa kibao cha sifa zake. Mama Vibao, aliyeandika vibao vya nusu ya maduka ya mji, alivaa miwani akachovya brashi.

"Soma, Kamanda. Mimi naandika."

"Urefu, mita mia moja na tisa."

"Hata kamba ya kuanikia nguo ni ndefu. Endelea."

"Mwendo, maili ishirini na nane za baharini kwa saa."

"Nani aliupima? Mimi nimeiona miaka yote imefungwa pale kama mbuzi wa mchinjaji."

"Mama, andika tu. Mzinga mkubwa mmoja, midogo minne."

"Huo mkubwa ndio uliobomoa choo cha forodha?"

"Lile lilikuwa zoezi!"

"Basi tuweke: adui aliyeshindwa, choo kimoja."

Kamanda alikohoa, akashuka mstari. "Mwaka wa kumi na tisa wa utumishi: ilishiriki kuokoa abiria wa kivuko."

Brashi ikasimama hewani.

Kivuko kile kilipinduka mchana kweupe, mbele ya bandari. Mkata tiketi wake alikuwa mume wa Mama Vibao, mtu mcheshi, hajui kuogelea. Wapakuzi wa mizigo ndio waliorukia vimashua wakavuta waliowawahi, yeye hawakumuwahi. Manowari ilikuwa pale pale, mabaharia wamejipanga sitahani wanatazama, na boti zake nne za kuokolea zinaning'inia juu kama hereni za bi harusi. Tangu siku hiyo mjane aliuliza swali moja, kwa barua na kwa miguu, ofisi hadi ofisi: walikuwa wanangoja nini? Aliambiwa ni siri ya jeshi. Siri gani, na mji mzima ulikuwa unaona!

"Hilo siandiki," alisema.

"Mama yangu, yamepita hayo."

"Yamepita kwako. Kwangu yanalala kitanda kimoja na mimi. Mlishiriki vipi, kwa kupunga mkono?"

"Nitampa fundi mwingine amalizie."

"Mpe. Rangi hii nimeichanganya kwa mkono wangu. Atakuwekea kiraka, na wageni wako watauliza kwa nini sifa za manowari zina kiraka." Akaweka brashi kwenye kopo. "Sitaki uniombe radhi, baba. Radhi yako nitaipika na nini? Nijibu, nikuandikie kitakachokuwa kweli, uende zako. Boti nne, mabaharia mia na sabini, na wewe mwenyewe umesimama juu na darubini. Mlikuwa mnangoja nini?"

Kamanda alitazama mlango. Alitazama viatu vyake. Mwisho akaegemea kibao, na kidole gumba kikazama kwenye neno *mwendo*, kikalivuruga. Akakiinua karibu na macho, cheusi, kinang'aa. Mama Vibao alimrushia kitambaa, hakukidaka.

"Mkaguzi mkuu alikuwa anakuja kesho yake asubuhi," alisema, na sauti ya amri haikuwamo tena. "Tulikuwa ndio kwanza tumeupaka ubavu wote. Boti zikishushwa, zinaukwangua. Mabaharia waliniomba ruhusa, Mama. Mara tatu waliniomba. Nikawaambia wangoje rangi ikauke."