Vioo Vyeusi vya Kombi

Mtaa wa Buluk, mjini Juba, uliwanunia tangu siku waliyofika. Taban aliegesha gari lao la Kombi kando ya barabara, akashuka na kusalimia, na hakuna aliyeitikia. Wanawake waliokuwa bombani wakawavuta watoto wao karibu. Mzee mmoja akatema mate, akafunga lango lake.

Kombi hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba ya Taban na mkewe Natalina, na ndiyo iliyokuwa kazi yao. Kitanda kilikuwa nyuma, sufuria chini ya kiti, na katikati lilining'inia pazia zito la kusafishia picha. Ili mwanga usipenye, Taban alikuwa amepaka vioo vyote vya nyuma rangi nyeusi. Miaka yao ya ukimbizi Uganda walizunguka hivyo, Arua, Koboko, Moyo, wakilala popote walipofikia na kupiga watu picha siku za soko. Amani ya Sudan iliposainiwa mwaka wa sabini na mbili, Taban aliapa kwamba picha zake zilizobaki atazipiga Juba, kwao.

Haya, kwao ndiko huku. Hakuna aliyekuja kupigwa picha. Asubuhi moja waliamka wakakuta miiba imetandikwa chini ya magurudumu, asubuhi nyingine kinyesi kimepakwa kwenye kitasa. Natalina alienda kuteka maji akarudi na ndoo tupu, maana kila zamu yake ilipofika wenzake walimpita kana kwamba ni kisiki. Unga ulikuwa unakwisha, na petroli iliyobaki ingewafikisha Yei, njiani kurudi Uganda, basi.

"Taban, hawa watu hapana taka sisi," Natalina alisema. "Mimi nasema turudi."

"Mimi hapana rudi. Huko naitwa mkimbizi. Hapa nitaitwa nini?"

Kwa maoni yake, ule ulikuwa wivu mtupu. Waliobaki mjini vita ikipiganwa waliwaonea kijicho waliorudi na gari. Alikuwa amekasirika, na mtu mwenye hasira akipata wazo huliona zuri kuliko lilivyo. Kama wateja hawaji garini, alisema, basi gari litawaendea. Kule Koboko alizoea kusimama mlangoni kwa mtu na kumwita kwa jina, na aliyeitwa kwa jina huona haya kukataa. Akamwendea katekista, naye akamsomea majina ya wenye nyumba wa mtaa ule kwenye daftari la kanisa. Katekista mwenyewe alikuwa mgeni, ametoka Torit majuzi tu.

Mchana huo Kombi ikaingia mtaani polepole. Nyuma ya pazia Natalina alikuwa akikata karatasi za picha kwa mwanga wa taa nyekundu, boksi lao la mwisho limefunguliwa magotini. Kwenye lango la kwanza Taban alisimama bila kuzima injini. Akashuka na kuita kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, tena kwa sauti ya adabu kabisa, kwamba Fortunato atoke kidogo, hatakawia.

Nyuma ya nyumba ua wa mabua ulivunjika kwa kishindo. Mwanamume aliruka nje akatimua mbio kuelekea mtoni. Kabla Taban hajaelewa kitu, mama yake Fortunato, Santina, alitoka na mchi wa kutwangia. Alivunja kioo cha kwanza, akavunja cha pili, akalizunguka gari akipiga, huku Natalina akilia ndani. Taban alipofaulu kumshika mikono, pazia lilikuwa limeanguka na jua limejaa garini. Mwanga ulikuwa umeziharibu karatasi zote.

Majirani wakajaa, na hakuna aliyekuwa upande wake. Taban alimtukana Santina kwa kila lugha aliyoijua. Amewaua, alimwambia, karatasi zile ndizo zilikuwa chakula chao, na je, wivu wake umeshiba sasa?

Santina alimsikiliza akihema. Kisha akamweleza kwa Kiarabu cha Juba, polepole ili aelewe, kwamba wakati wa vita lilikuwapo gari la vioo vyeusi. Lilikuja taratibu, likasimama langoni bila kuzima injini, mtu akashuka akaita jina. Kwake lilimwita Ladu, mwanawe wa kwanza. Waliambiwa hatakawia. Alipakiwa nyuma, na hakurudi.

"Mimi sikuwa hapa," Taban alisema. "Ningejuaje?"

"Hukuwa hapa," Santina akakubali.

Akaweka mchi chini, akapanda garini bila kuomba ruhusa. Akapita juu ya vipande vya vioo, akampita Natalina aliyekuwa anavuja damu shavuni, akaketi sakafuni nyuma kabisa, amekumbatia magoti. Jua lilimpiga usoni kupitia matundu aliyoyafungua mwenyewe. Alitazama juu, akatazama kila upande, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

"Kabla sijavunja," akauliza, "humu kulikuwa na giza kiasi gani?"

Taban alikuwa bado na hasira, na alitaka neno lolote litakalomuumiza mwanamke huyu.

"Giza totoro," akamjibu. "Hata mkono wako huuoni."

Neno lilipomtoka ndipo alipojua amemjibu nini, akaona aibu. Santina aliitikia kwa kichwa. Akafumba macho, akauinua mkono mbele ya uso wake, akakaa hivyo.